Usanifu wa mandhari Dodoma: anzeni na maji, nyasi zitasubiri

Mkuu, umesema mdogo wako kapata nafasi ya kusoma usanifu wa mandhari Chuo Kikuu Ardhi, mzee nyumbani analalamika kwamba mtoto anakwenda kusomea kupanda maua, na unataka kujua kama Dodoma fani hiyo ina kazi, ajifunze nini mapema, na kama anunuliwe laptop sasa hivi. Kuna mchangiaji mwingine hapo juu kasema kazi yote ya mandhari hapa ni pevingi na nyasi za kapeti. Nawajibu wote kwa pamoja kwa sababu kosa la mzee na la mchangiaji ni lilelile: wanaanzia mwisho.

Mchoro wa mimea ndio karatasi ya mwisho katika fungu. Kabla yake kuna karatasi ya upimaji wa kiwanja, ya viwango vya ardhi (wapi juu, wapi chini) na njia za maji, ya sehemu ngumu (njia, ngazi, kuta, maegesho), na ya umwagiliaji. Kwa Dodoma hizo mbili za mwanzo ndizo zinazoamua kama bustani itauona mwaka wa pili.

Mvua ya hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Haishuki kwa utaratibu. Zinapiga mvua chache kubwa, zinafuata siku kavu, na mara nyingi Februari panatokea ukame katikati ya msimu. Kuanzia Mei hadi Novemba ni jua na upepo wa mashariki wenye vumbi. Kwa hiyo kiwanja kilekile Januari kinazama na Septemba kinapasuka, na mchoro mmoja inabidi ujibu hali zote mbili.

Hesabu ya kwanza anayopaswa kuijua mdogo wako ni hii. Mteja anataka nyasi mita za mraba 500. Kwenye jua letu nyasi zinadai takriban lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani lita 2,500 kila siku, na kwa siku 210 za kiangazi ni lita 525,000. Sasa pima paa lake: mita za mraba 200, mvua milimita 550, toa asilimia 15 inayopotea njiani, unabaki na lita 93,500 kwa mwaka mzima. Hata akivuna kila tone, paa halifikishi hata moja ya tano ya mahitaji ya nyasi. Zilizobaki atazinunua DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, au atazivuta kisimani. Linganisha na miti michanga 20, kila mmoja lita 40 kwa wiki kwa wiki 30: ni lita 24,000 tu. Simtanki mbili za lita 10,000 na moja ya lita 5,000, zikiwa zimejaa mwisho wa Aprili, zinaivusha miti hiyo yote hadi mvua nyingine. Mwekee mteja hesabu hiyo mezani kabla ya kuchora chochote. Wengi wanakubali nyasi mita 60 mbele ya baraza, na sehemu nyingine inakuwa kivuli cha miti, changarawe na vichaka vinavyovumilia kiu.

Udongo sasa. Ndani ya kiwanja kimoja unaweza kukuta kichanga chekundu upande wa juu wenye mteremko, na mbuga nyeusi, yaani udongo mzito mweusi wa mfinyanzi, upande wa bondeni. Kipimo cha kwanza hakina gharama: chukua chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, jaza udongo theluthi, ongeza maji na sabuni kidogo ya unga, tikisa sana, uiache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini baada ya saa chache, mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula. Kipimo cha pili ni shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 60: jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, ndipo uanze kupima yanashuka kiasi gani kwa saa. Ukipima mara ya kwanza tu udongo mkavu utakudanganya. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, usichimbe mashimo ya kunyonya maji ya mvua hapo. Yatageuka visima vya mbu. Tafuta njia ya kuyatoa.

Mbuga nyeusi inavimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Pevingi iliyolazwa moja kwa moja juu yake inakuwa mawimbi mwaka wa kwanza tu, na fundi analaumiwa bure wakati kosa liko kwenye mchoro. Toa mbuga kwa kina cha sentimita 40 hadi 60, rudisha moramu (udongo wa changarawe wa kujazia) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine. Juu ya msingi huo, au juu ya udongo wa kawaida uliochimbwa na kushindiliwa, safu ni moramu sentimita 15, mchanga 3 hadi 5, kisha vitofali: unene wa sentimita 6 kwa watembea kwa miguu, 8 panapopita magari. Kingo zifungwe kwa zege, la sivyo vitofali vya pembeni vinatembea na vya katikati vinavifuata. Mteremko usipungue sentimita 2 kwa kila mita.

Hapo ndipo penye kosa ninaloliona kila mtaa mpya. Jumlisha safu za maegesho: 8, na 4, na 15, ni sentimita 27. Nyumba ikijengwa bila mtu kufikiria viwango vya nje, pevingi inakuja mwisho, fundi hataki kuchimba kwa sababu kuchimba hakulipwi, anapandisha safu zote juu ya ardhi iliyopo. Uso wa pevingi unafika usawa wa sakafu, na mvua kubwa ya kwanza inaingia sebuleni. Uso wa nje uwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15, na ardhi inayozunguka jengo ishuke sentimita 15 nyingine ndani ya mita 3 za mwanzo. Ndiyo maana msanifu wa mandhari aitwe wakati msingi unapangwa. Akiitwa baada ya rangi kupakwa, kinachobaki ni mapambo.

Viwango vyenyewe si lazima vifanywe kwa mashine ya bei. Mpira mweupe wa mita 20 unaoonyesha maji ndani unatosha kwa kiwanja cha nyumba, kwa kuwa maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, mradi usiwe na povu hata moja la hewa. Weka alama ya sakafu kuwa sifuri, gawa kiwanja kwa miraba ya mita 5, soma kila kona, kisha chora kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) za kila sentimita 25 za kimo. Viwanja vingi hapa vimelala. Ukichora kontua za mita moja hutaona kitu, na ule mshuko mdogo ambao maji yanaufuata utakupita.

Baada ya hapo hesabu maji ya juu. Maegesho ya mita za mraba 1,200 yakipigwa na mvua ya milimita 80 kwa saa, huku asilimia 80 ikitiririka, yanatoa karibu lita 21 kwa sekunde. Ardhi ileile ikiwa na majani, kwa kiwango cha asilimia 30, ingetoa lita 8. Tofauti hiyo ya lita 13 inakwenda kwa jirani au barabarani, na ndivyo korongo linavyozaliwa. Kushikilia nusu saa ya mvua hiyo unahitaji nafasi ya mita za ujazo kama 38: bustani ya mita za mraba 160 iliyoshushwa sentimita 25 inatosha. Iwe na mawe mahali maji yanapoingia ili yasichimbe, na tundu la kutokea ili ikauke ndani ya siku mbili. Miti inayopandwa kandokando ya bonde hilo dogo inakunywa bure. Watu wengi wanafanya kinyume: wanainua vitalu vya maua kwa tofali, maji yote yanavikwepa, kisha wananunua maji ya kuvimwagilia.

Miti. Tatizo kubwa si aina, ni tarehe. Sherehe nyingi za kupanda miti zinaangukia Machi na Aprili. Siku ya Misitu Duniani yenyewe ni Machi 21. Kwa mikoa yenye mvua za masika hadi Mei ni sawa, kwa Dodoma unampa mche wiki chache tu za mvua kisha miezi saba ya ukavu. Chimba mashimo Oktoba na Novemba, panda baada ya mvua mbili au tatu nzuri za Desemba, na uwe na maji ya akiba kwa ule ukame wa Februari.

Shimo liwe na upana wa sentimita 90 na kina cha 60. Udongo wa juu uweke upande wake na wa chini upande mwingine. Ukikuta tabaka gumu, livunje kwa sururu, vinginevyo umechimba chungu na mizizi itazunguka humo. Changanya udongo wa juu debe tatu kwa debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa, na mchwa wa huku hawana mchezo. Kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kitolewe chote, si kuchanwa chini tu. Mizizi iliyojizungusha ikatwe kwa kisu. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu unaonekana mkubwa na wa kuvutia, lakini unajinyonga taratibu na unaanguka kwa upepo baadaye. Shina lisizikwe kupita pale lilipokuwa kwenye kiriba. Tengeneza kisahani cha upana wa mita moja, tandaza majani makavu sentimita 7 na uyaache mbali na shina kwa kiganja. Zungushia miiba, maana mbuzi hasomi mchoro.

Kwa aina: mwarobaini, mkwaju na migunga vinastahimili. Mkrismasi una kivuli kizuri lakini mizizi yake iko juu na inainua pevingi, mpe nafasi. Fikasi isisogee karibu na bomba wala shimo la maji taka. Bogenvilia ukiinyima maji kidogo inachanua zaidi, watu wanaizamisha halafu wanashangaa majani matupu. Mbuyu uliopo kiwanjani usiguswe, panga jengo liuzunguke.

Umwagiliaji wa matone unashindwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza msukumo: tenki lililo mita 3 juu linatoa baa 0.3, wakati vitoa matone vya kawaida vinataka karibu baa 1. Mti wa mwisho wa mstari haupati kitu. Chagua vinavyofanya kazi kwa msukumo mdogo au weka pampu. Pili chumvi: visima vingi huku vina maji ya chumvi, chokaa inaziba matundu, na chumvi inajikusanya juu ya udongo kama unga mweupe. Pima maji kabla ya kuchagua mimea: chini ya 0.7 kwa desisimensi kwa mita, ambacho ni kipimo cha chumvi kwenye maji, hakuna shida, juu ya 3 ni maji ya mimea michache sana. Weka chujio, na kila mwezi fungua ncha za mipira maji yatoke kwa nguvu. Vitoa matone viwili vya lita 4 kwa saa, saa mbili na nusu mara mbili kwa wiki, ndizo zile lita 40. Mti ukikua visogezwe nje, kwenye ukingo wa kivuli. Vikibaki shinani mizizi haitafuti mbali.

Kuhusu ajira, nisiwadanganye. Wateja wanaotangaza wanataka msanifu wa mandhari kwa jina hilo ni wachache. Kazi imejificha ndani ya ofisi za wabunifu majengo, kwa wakandarasi wa barabara na majengo ya serikali kule Mtumba, kwenye shule, hospitali na taasisi. Anayejua viwango na maji anabaki kazini. Anayejua kuchora picha nzuri tu anaitwa wiki ya maonyesho. Usajili wa kitaaluma uko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na unakuja baada ya mafunzo ya kazini, kwa hiyo aanze kutunza nakala za michoro aliyoshiriki tangu mafunzo ya vitendo ya mwaka wa kwanza.

Na kwenye mkataba: usikubali miti ikabidhiwe Aprili. Aprili kila kitu Dodoma ni kijani, hata kilichokufa mizizi kinaonekana kizima. Andika ukaguzi wa mwisho uwe Novemba, na sehemu ya malipo ya upandaji ishikiliwe hadi siku hiyo, kwa hesabu ya miti iliyo hai. Utunzaji wa miezi 12 uwe na mstari wake kwenye mchanganuo wa gharama, wenye lita, siku na mtu. Usipouandika, mlinzi wa geti ndiye atakayekuwa mwagiliaji, na hana mpira.

Laptop isubiri. Kabla chuo hakijafungua anunue mpira huo wa levo, rula ya skeli na daftari la miraba, apime kiwanja cha nyumbani kwenu kwa skeli ya 1:100. Kisha mvua ikinyesha atoke nje na mwavuli, achore mishale ya maji yanakopita kweli, ailinganishe na kontua zake. Yasipolingana, kontua ndizo zenye makosa, arudie.

Akipata nafasi aende Kondoa pia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa zaidi na mmomonyoko. Makorongo yapo bado, na uoto uliorudi upo. Aende na daftari lilelile.