Jibu: Kupokea oda kabla ya kutengeneza bidhaa

Ndugu, umeuliza kama ni sawa kuchukua pesa za wateja wakati una sampuli moja tu ya taa yako. Ni sawa kabisa, mradi uwaambie wazi kwamba taa zenyewe bado hazijatengenezwa. Saa ya Pebble ilianza hivyo mwaka 2012 kwenye Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia pesa bidhaa ipate kutengenezwa: wateja walichanga zaidi ya dola milioni 10, wakaahidiwa saa mwezi Septemba, lakini za kwanza zikaanza kusafirishwa Januari 2013. Basi tarehe utakayotangaza iache nafasi ya kuchelewa.

Kabla ya kupokea hata senti, pata kwa maandishi bei ya kiwanda na idadi ya chini wanayokubali kutengeneza. Tuseme ni taa 300: watangazie kwamba oda zisipofika 300 kufikia siku fulani, kila mtu anarudishiwa pesa yake yote. Na pesa hizo ziweke akaunti ya peke yake, usiziguse kwa lolote isipokuwa kutengeneza oda hizo! Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, nakusihi sana.

Usafirishaji nao uupigie hesabu mapema, na uagize chache za ziada kwa ajili ya zitakazokuwa na kasoro.