Nguo ya Mei 17: nawajibu mlioniuliza

Ndugu zangu, tangu niweke zile picha nimevaa nguo ya asili ya Norway meseji haziishi, shangazi anauliza kama ile ni sare ya kazini, binamu anauliza kama nimelazimishwa, na kuna waliosema ndo nimeshakuwa Mzungu. Naomba niwajibu wote kwa pamoja.

Ile nguo inaitwa bunad. Mei 17 ni sikukuu ya katiba ya Norway, ya mwaka 1814, watoto wanaandamana na bendera barabarani na wakubwa wanatoa bunad zao kabatini, wanawake kwa wanaume. Harusini inavaliwa pia, ubatizo, kipaimara. Na kila eneo lina yake, ya Hardanger tofauti, ya Telemark tofauti, ya Setesdal tofauti kabisa, anayezijua akikuona tu anajua kwenu ni wapi.

Sasa kuchagua ndo palikuwa pagumu. Wenyeji wengi wanafuata kwa bibi na babu zao, mimi bibi yangu ni wa Moshi, nifuate ya wapi? Nikasema naishi Bodø, mwanangu kazaliwa Bodø, basi navaa ya Nordland, mkoa wetu huku, ile ya bluu yenye maua ya kudarizi (ipo na ya kijani). Wapo watakaokwambia haikuhusu, na wapo wa kukukagua viatu, hereni, hadi miwani ya jua, wenyeji wenyewe wanawaita polisi wa bunad. Lakini sheria hakuna, na jirani yangu mzee ndo alikuja kunifunga zile pini za fedha za shingoni kwa mikono yake, nilifurahi mno.

Bei sitawaficha. Mpya pamoja na vito vyake vya fedha inafika kroner 50,000 na kupita, hiyo ni shilingi milioni kumi na kitu za kwetu Tanzania. Ni sufu nzito, inadariziwa kwa mkono, ni kazi ya miezi, hata UNESCO mwaka 2024 wameutambua huo ufundi kama urithi. Wasichana wengi wanapewa na familia wakipata kipaimara, wana miaka 14 au 15, na ndani ya mishono kunaachwa kitambaa cha ziada ili ipanuliwe mwili ukiongezeka, maana ni nguo ya maisha. Mimi nilinunua ya mtumba nikampelekea fundi akaipanua kiunoni. Kwa hiyo hapana, sijatupa hela, na hela ya nyumbani sijaigusa.

Kulazimishwa hakuna kabisa. Wageni kibao siku hiyo wanavaa nguo za kwao na wanapokelewa vizuri, mwaka mwingine na mimi nitavaa kitenge.

Binamu unayekuja masomoni, tafadhali usije ukakopa kwa ajili ya bunad. Beba kitenge chako kizuri, na nguo nzito za kuvaa ndani yake, huku Mei theluji bado inaweza kudondoka.