Prado kupitia Chalbi hadi Loiyangalani: mafuta na upepo wa tairi

SWALI: Fundi habari. Nina Prado 120 ya petroli, injini ya 2.7, tenki lita 87. Agosti nataka kutoka Marsabit nipite Maikona, Kalacha na North Horr mpaka Loiyangalani, halafu nirudi na ile barabara ya mitambo ya upepo pale Sarima nitokee Laisamis. Tuko wanne, wawili ni watoto. Nibebe mafuta kiasi gani, na kwa mchanga tairi nijaze upepo wa ngapi?

JIBU: Nzuri kaka. Kwanza hilo neno mchanga, maana ndiyo linaponza watu wengi kwenye jangwa la Chalbi, ambalo njia yako inalikata. Mchanga upo lakini sehemu kubwa ni ziwa lililokauka, yaani unaendesha juu ya ganda la chumvi na udongo, na chini yake pengine bado ni tope. Mvua ikinyesha hata kule milimani Hurri au Marsabit maji yanateremka huko huko kwenye bonde, kwa hivyo unaweza kukuta mbingu nyeupe kabisa na chini kumelowa. Agosti kwa kawaida ni kukavu, umechagua vizuri, ila ukifika Maikona simama uulize wenye malori na wachunga ngamia wa Kigabra njia gani inapitika wiki hiyo, hao wanajua kuliko ramani ya simu.

Ukiona mbele rangi imebadilika, udongo umekuwa mweusi kidogo au unang'aa, usiongeze mwendo ati upite haraka. Simama, shuka, tembea hatua hamsini hivi ukipiga kisigino chini kwa nguvu. Kikizama na maji ya chumvi yakachungulia kwenye shimo, rudi nyuma ukifuata alama za tairi zako mwenyewe. Mimi niliwahi kuona uvivu kushuka, Land Cruiser ikakaa na tumbo, tukachimba kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linazama, na jeki nayo ikawa inazama kwa sababu hatukuwa na ubao wa kuweka chini yake. Beba ubao.

Sasa mafuta. Marsabit hadi Loiyangalani kwa njia yako ni kama kilomita 300, kutoka hapo hadi Laisamis 230 hivi, jumla 530. Hiyo 2.7 ikiwa na mzigo, four wheel imeingia na AC inavuma, mimi naipigia kilomita 5 kwa lita, hiyo ni lita 106, ongeza robo ya kupotea njia na kurudi nyuma unafika 132. Kwa hivyo jaza tenki Marsabit na ubebe jerikeni tatu za chuma za lita 20, mbili hazitoshi. North Horr na Loiyangalani utapata ya kupimiwa kwenye madumu ila ni ghali na saa zingine ina uchafu, ukilazimika chuja. Jerikeni za petroli zisikae ndani na watoto, mvuke wake ni sumu na unashika moto haraka, zifunge nje. Maji ndiyo yakae ndani, chini kabisa, lita 90 kwa siku tatu na rejeta ikiwemo.

Upepo wa tairi, kwa kipimo cha PSI: kwa lami 35, ukiingia mchanga laini teremsha hadi 18 na usizidi spidi ya kilomita 30 kwa saa wala kukata kona kwa ghafla, tairi itatoka kwenye rimu. Lakini toka North Horr kwenda Loiyangalani unakutana na mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, na tairi laini hapo inachanika ubavuni, pancha ya ubavu hata plagi haishiki. Rudisha hadi 28 kabla hujaingia mawe. Maana yake kompresa ya kuunga kwa betri na geji ni lazima, na spea mbili, hata kama ya pili ni ya kuazima.

Gari moja peke yake na watoto mimi sikushauri. Tafuta mwenzio wa gari ya pili, katikati ya Kalacha na North Horr mtandao hakuna.