Siga yangu imekomaa au imechoka?

SWALI: Nina siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, nilizozihifadhi kwa miaka 7 katika kasha lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Niliyoiwasha majuzi ilikuwa na ladha laini mno. Je, zimekomaa au zimeharibika?

JIBU: Ulaini peke yake hautoshi kukupa jibu, kwa kuwa ukali na ladha havipungui kwa mwendo mmoja. Tumbaku iliyotunzwa vyema huendelea kuchachuka polepole, amonia ikatoka, na ule uchungu unaokausha ulimi ukatulia. Hiyo ndiyo faida ya kungoja. Muda ukizidi, au kasha likikauka, mafuta ya jani nayo hupotea, na harufu nzuri ikaondoka pamoja nayo.

Kabla ya kuwasha, ibonyeze taratibu uone kama inanepa na kurudi bila kutoa mlio wa kupasuka. Nusa upande wa kuwashia, kisha kata kichwa, yaani ncha ya mdomoni, na uvute hewa bila moto. Hata hapo ladha inapaswa kuonekana, japo kwa mbali. Unga mweupe juu ya jani husifiwa sana kuwa dalili ya umri, lakini mimi siupi alama yoyote, kwani mara nyingi ni ukungu tu.

Ukishawasha, vuta takriban mara moja kwa dakika, maana siga ikipata joto kupita kiasi huwa chungu hata kama ni bora. Moshi usiingie mapafuni. Uzungushe kinywani na upitishe kiasi kidogo puani, kwa sababu ulimi hutambua utamu, uchungu na mengine machache, ilhali pua ndiyo inayotenganisha mwerezi, kakao, ngozi na viungo. Siga iliyokomaa, hata ikiwa laini, hubadilika kutoka theluthi moja hadi nyingine, na ladha yake hukaa kinywani baada ya moshi kutoka. Iliyochoka huwa na ladha ileile ya karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Zingatia pia mchanganyiko wake: ulio na ligero nyingi, yaani majani mazito ya sehemu ya juu ya mmea, huvumilia miaka mingi kuliko ule uliokuwa mwepesi tangu awali. Usihukumu kasha zima kwa siga moja. Jaribu ya pili kabla ya mlo mzito, ukiweza sambamba na mpya ya aina hiyohiyo. Hiyo ya pili nayo ikiwa butu, zilizobaki zivute mapema, kwa sababu kuongeza unyevu hulainisha jani lakini hakurudishi mafuta yaliyokwisha kupotea.