Jiwe linasifu, kibao cha pembeni kinapinga

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naishi Marekani, juzi tulienda na washkaji Harpers Ferry, kamji kadogo ka West Virginia pale mto Shenandoah unapoingia Potomac, kila ukigeuka kuna kibao cha historia. Sasa kuna jiwe moja kubwa linamsifia mtu mweusi anaitwa Heyward Shepherd eti alikuwa mwaminifu, afu pembeni kuna kibao kingine kama kinalipinga. Ndo nini hiki? Na ile ngome ya John Brown nasikia haipo mahali pake, kweli?
Msomaji, Maryland

JIBU: Salama ndugu yangu. Jiwe kama hilo anza kwa kuangalia nani kaliweka na mwaka gani, maneno yake baadaye. Usiku wa Oktoba 16, 1859 John Brown, mzungu mpinga utumwa, na watu wake 21 walivamia ghala la silaha la serikali, nia yao wapate bunduki za kuwakomboa watumwa, na mtu wa kwanza kuuawa akawa huyo Shepherd, mweusi ambaye wala hakuwa mtumwa, alikuwa anabeba mizigo stesheni ya reli, na mke na watoto wake walikuwa Winchester. Alipigwa risasi na watu wa Brown karibu na daraja, akiwa kazini kwake, basi.

Sasa njoo 1931, miaka 72 imepita, vyama viwili vya wazao wa wanajeshi wa Kusini, ule upande uliopigania utumwa ubaki kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, ndo vinamwekea jiwe, vinamfanya mfano wa weusi waliotulia wasijiunge na Brown. Marehemu kasemewa hivihivi! 1932 NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, nao wakataka kuweka bamba lao la kumsifu Brown, maneno kaandika W.E.B. Du Bois, msomi mweusi mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, wakaomba liwekwe Storer College, chuo cha weusi hapohapo mjini, chuo kikagoma. Likaja kuwekwa 2006, chuo chenyewe kilishafungwa tangu 1955.

Jiwe la Shepherd nalo liliondolewa miaka ya 70 kupisha ukarabati, likarudishwa, likafunikwa mbao miaka kadhaa watu wasilione, mpaka 1995 wakalifunua na kuweka hicho kibao ulichokiona, ambacho kina maneno ya Du Bois. Mi naona afadhali hivyo kuliko kulificha, maana ukilisoma peke yake unadanganyika ila ukisoma yote mawili unaona ugomvi wenyewe.

Ngome ni kweli. Kwanza haikuwa ngome, ni jengo la magari ya zimamoto, Brown alijifungia humo mpaka wanajeshi wakiongozwa na Robert E. Lee wakavunja mlango Oktoba 18. 1891 likafumuliwa likapelekwa Chicago kwenye maonyesho ya 1893, watu hata hawakulijali, 1895 likarudi na kusimamishwa shambani nje ya mji, 1909 likahamia chuoni, 1968 ndo likashushwa hapo lilipo. Mahali pake halisi pamefukiwa na tuta la reli, wameweka mnara mdogo tu kuonyesha.

Ukirudi panda kule mlimani Camp Hill kilipokuwa chuo, bamba la Du Bois liko huko, wageni wengi wanaishia chini mtoni wanapiga picha za ngome wanaondoka.