Laptopu ya refabishi: ninunue au niachane nayo?

SWALI: Fundi habari za kazi. Binti yangu kapata chuo, anaenda kusomea uhasibu, na mimi nimejibana nimepata laki saba ya kompyuta. Kuna kijana yuko Kariakoo ananitumia picha wasap, anasema ni refabishi ya Dubai, yaani iliyotumika ikatengenezwa upya, i7, haina hata mkwaruzo, laki sita na nusu na begi juu. Shemeji yangu anasema nisithubutu, hayo ni matakataka ya Wazungu, bora nichukue mpya hata kama ndogo, na kweli kuna duka hapa mjini wana mpya kwa bei hiyohiyo. Nishike lipi? – Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Nzuri dada yangu, hongera kwa binti. Kwa hela hiyo chukua iliyotumika, ila sio hiyo ya kwenye picha, angalau sio kabla haijashikwa na mkono wa mtu wako.

Hizo mpya za laki saba nazijua. Soma pembeni ya boksi, mara nyingi utakuta Celeron, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, na sehemu ya kuhifadhi ni eMMC ya 64GB iliyochomelewa kwenye bodi, haitoki haiongezwi, Windows yenyewe inameza sehemu kubwa halafu binti akifungua Excel na Zoom kwa mpigo ataanza kukupigia simu kulalamika. Mashine za ofisini ni habari nyingine, HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, hizo makampuni ya Ulaya na Marekani yanazichukua nyingi kwa mkataba, yanazitumia miaka mitatu minne, mkataba ukiisha zinauzwa kwa mafungu, na nyingi zinapita Dubai ndo zinafika kwetu. Zilikuwa bei mbaya sana zikiwa mpya, zina kasha gumu na vipuri vyake vinapatikana. Shemeji mwambie kuna wahasibu kibao hapo Posta wanafungia mahesabu kwenye hayo matakataka.

Sasa hiyo i7, nayo ni aina ya prosesa. Muulize huyo kijana ni i7 ya jenereshoni ya ngapi, akikujibu "ni i7 mama, hiyo ni kali" ujue hajui au hataki ujue. Namba baada ya kistari ndo inasema. i7-2640M ni jenereshoni ya 2, ya mwaka 2011, na i5-8350U ni ya 8, hiyo i5 inaiacha i7 mbali kabisa. Mimi mstari wangu ni jenereshoni ya 8, chini ya hapo kwa mwanafunzi anayeanza leo sishauri, kwa sababu i5 za laptopu nyembamba za kabla ya hapo zilikuwa na kori (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili tu, kuanzia ya 8 zikawa nne, halafu Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Tafuta EliteBook 840 G5, Latitude 7490 au ThinkPad T480, RAM 8GB inatosha kuanzia na zote tatu zina nafasi mbili za RAM unaongeza baadaye, SSD na sio hadidiski ya kuzunguka. Na usiishie kwenye jina la modeli, kuna 840 G5 zilitoka kiwandani na prosesa ya 7, kwa hiyo washa, ingia kwenye mipangilio, soma mwenyewe.

Hatari kubwa iko kwenye betri. Mikwaruzo isikusumbue, tena mashine inayong'aa kupita kiasi mimi huwa naitilia mashaka maana kuna watu wanapaka rangi na kubandika stika juu ya kibodi, chini yake unakuta kibodi ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Betri ndo huwa imechoka, na kwa umeme wetu huu betri ni roho. Kuna amri unaandika kwenye ule ubao mweusi wa Windows, Command Prompt, powercfg /batteryreport, inakupa ripoti yenye namba mbili: betri ilivyotoka kiwandani na inavyojaa leo. Kama ilianza na 50,000 na leo inajaa 30,000 basi imebaki asilimia 60, hapo unashusha bei au unadai betri nyingine. Ukiona padi ya kipanya imenyanyuka, betri imevimba, usiichukue hata ukipewa bure. Kingine, zima halafu washa huku unabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine yenyewe, ikidai paswedi na muuzaji hana, mrudishie. Kwenye ThinkPad hasa hiyo paswedi imekaa kwenye chipu ya bodi, kutoa kibetri kidogo cha ndani hakusaidii kitu.

Halafu huyo kijana, ni mwenye duka au ni winga, dalali asiye na duka lake? Winga sio mtu mbaya, anatafuta riziki kama sisi, lakini ikizima wiki ya pili hana pa kukupokelea. Taka duka lenye risiti ya EFD, namba ya utambulisho wa mashine, ile siriali, iandikwe kwenye risiti na muda wa waranti uandikwe hapohapo, sio wa mdomoni. Risiti hiyo ndo itakutetea pia ikitokea mashine ina kesi ya wizi. Usitume hela eti utatumiwa kwenye basi. Panda SGR, chini ya saa mbili uko Dar, nenda na binti, ni yeye atakayeitumia. Na usimalize laki saba yote, bakiza ya betri na chaja orijino.

SWALI: Fundi mimi nimeshanunua ThinkPad T470, prosesa ya 7, na Windows 11 imo na inaenda fresh tu. Nimepigwa? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Inategemea ulilipa ngapi. Muuzaji aliilazimisha hiyo Windows, inawezekana, ila Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine ya aina hiyo, na yale makubwa ya kila mwaka yanaweza kugoma. Kama inakufanyia kazi tumia kaka, faili zako weka nakala pembeni. Siku ikigoma weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Excel na wenzake, itaenda miaka.

SWALI: Nimeona MacBook Air ya M1 nusu bei, ikiunganishwa wifi inaleta maandishi ya "Remote Management". Muuzaji anasema ni kitu kidogo, fundi anatoa. – Mombasa

JIBU: Sio kidogo. Siriali ya hiyo mashine bado iko kwenye orodha ya kampuni au shule fulani huko kwa Apple, fundi akiificha leo, siku utakapoifuta na kuanza upya inarudi palepale, anayeweza kuiachia ni hiyo kampuni au shule yenyewe tu. Na wa Windows msicheke, zipo EliteBook na Latitude zenye kitu hichohicho, huwezi kuona mpaka ifutwe. Kwa hiyo iwe Mac iwe Windows, muuzaji aifute mbele yako, iunganishwe wifi, uisubiri hadi mwisho hata kama anakuharakisha, ikikukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua mrudishie na chaja yake.