Shangazi, usiku nakula hadi tumbo linauma

*Assalam alaikum Shangazi. Nina miaka 29, nimeachika, naishi kwa dada yangu Bombo na nauza vitenge dukani Wandegeya. Mwanangu yuko kwa baba yake Jinja. Kwa karibu mwaka sasa, mara mbili tatu kwa wiki, wote wakishalala naingia jikoni. Nakula kiporo cha posho na maharage kikiwa baridi, kisha natoa chapati nilizozificha kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba. Nakula upesi upesi, hata ladha siisikii, mpaka tumbo linauma. Halafu nalia. Mchana najiadhibu kwa chai ya rangi tu, na Jumatatu na Alhamisi nafunga. Sitapiki. Dada anauliza chakula kinakwenda wapi, shemeji anasema nyumba imeingiwa na mlafi, jirani anataka nikasomewe. Je, mimi ni mlafi au mgonjwa? Na nikienda hospitali, si watanicheka?*
*Mwenye Aibu, Bombo*

Wa alaikum salaam, mwanangu. Nianze na swali lako, maana naona umelala nalo siku nyingi. Kwa haya uliyoniandikia, naamini wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unatibika.

Mlafi hula mbele za watu na hukifurahia chakula chake. Wewe unakula gizani, mbio mbio, mkono unakwenda mdomoni na moyo unakataa, na ukimaliza unajichukia. Hizo ndizo dalili madaktari wanazoziangalia. Albert Stunkard, daktari wa Marekani, aliandika juu ya watu wanaokula namna hii tangu 1959. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa huko waliuingiza ugonjwa huu kwenye kitabu chao cha utambuzi kwa jina lake lenyewe, "binge eating disorder", yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, na Shirika la Afya Duniani linautambua katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022. Kipimo cha Wamarekani hao ni angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Wewe umeshapita hapo zamani.

Sasa nisikilize vizuri, na hili ulishike hata ukisahau mengine yote. Njaa ya mchana ndiyo inayokupeleka jikoni usiku. Umesimama dukani kutwa kwa kikombe cha chai, umebanana kwenye taksi mpaka Bombo, mwili unafika nyumbani unadai haki yake. Unakula, unajuta, kesho yake unajinyima ili kulipa, na kule kujinyima kunakuandalia usiku mwingine. Adhabu unayojipa ndiyo inayoulisha ugonjwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza itakuogofya: ule. Kunywa chai na kitu cha kutafuna kabla hujatoka, kula mchana ushibe, kula jioni pamoja na wenzako, na katikati tia kitu kidogo, ndizi mbivu au karanga. Usikae zaidi ya saa tatu au nne bila kula. Wandegeya hukosi sahani ya matoke na mchuzi wa karanga, wala rolex ya moto, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Kaa chini uile mchana kweupe, taratibu, bila kuomba radhi kwa mtu. Na kama jana usiku umeteleza, leo asubuhi kula kama kawaida. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa moyo unawaambia hawastahili kifungua kinywa. Unastahili, mwanangu. Habari za uzito ziache kwanza. Kula kukishatulia, utazungumza na daktari.

Saumu ya Jumatatu na Alhamisi ni sunna, na kwa maneno yako mwenyewe unaifunga ili kujiadhibu. Iweke kando mpaka upone. Ramadhani ni faradhi, lakini Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ongea na daktari na sheikh wako kabla mwezi haujaandama. Kusomewa sikukatazi, ila kisomo kisichukue nafasi ya hospitali.

Nunua daftari dogo. Kila unapokula andika saa, ulichokula, ulikuwa wapi na moyo ulikuwaje. Usihesabu chapati wala usijikaripie humo. Mtoto wako umemtaja kwa mstari mmoja tu ukapita, na mimi nimesimama papo hapo. Sitashangaa daftari likionyesha kwamba usiku mgumu hufuata siku uliyosikia sauti yake kwenye simu. Ikiwa ndivyo, mpigie mapema, kabla ya chakula cha jioni, kisha kaa sebuleni na watu. Hamu ikija, ijue tabia yake: hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka hata usipoitii. Katika muda huo oga, kunja nguo, mpigie rafiki. Siku nyingine itakushinda. Andika, ulale.

Tuje kwenye hospitali. Wandegeya na Mulago ni pua na mdomo, na Mulago wana huduma ya afya ya akili. Butabika nayo, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyojengwa 1955, ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Kuingia getini si kulazwa. Hospitali za serikali ziliondolewa ada mwaka 2001 isipokuwa upande wa kulipia, ingawa dawa nyingine unaweza kuambiwa ukanunue nje.

Ukimwona daktari usianze na "nimenenepa", maana atakushauri upunguze kula na kukurudisha kulekule ulikotoka. Mwambie hivi: "Mara mbili tatu kwa wiki nakula chakula kingi kwa muda mfupi, siwezi kujizuia, sitapiki, na imeendelea karibu mwaka mzima." Mpe daftari alisome. Omba upimwe sukari na presha, na umuulize kuhusu tiba ya mazungumzo, ambayo ndiyo tiba kuu ya ugonjwa huu. Ipo inayofanya kazi juu ya fikra na mpangilio wa kula, na ipo inayoshughulikia misiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha, kama talaka. Hii ya pili si ngeni Uganda: mwaka 2002 ilijaribiwa kwa vikundi vijijini Masaka na Rakai kwa watu wenye sonona, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, na ilisaidia sana. Ukikutana na muuguzi asiyeujua ugonjwa wako akatabasamu, rudia maneno yako au omba mwingine.

Ukianza kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha, usingoje, nenda ukaseme. Na yakikujia mawazo ya kutotaka kuishi, mwamshe dada yako hata kama ni usiku wa manane, mwende hospitali pamoja.

Na huyo dada mwambie kabla ya wiki hii kwisha. Chagua mchana wa Jumapili mkiwa mnamenya matoke wawili tu, mikono ina kazi na macho hayalazimiki kukutana. Mweleze kama ulivyonieleza mimi. Muombe asitie kufuli kabatini wala asikuulize umekula ngapi. Akuwekee chakula cha kubeba asubuhi, na akae nawe kidogo baada ya chakula cha jioni. Shemeji ataelezwa na mkewe, wewe usijitwishe kazi hiyo. Kliniki nenda naye ukiogopa kwenda peke yako, kisha uniandikie daktari alisema nini.